Kronografu, kronomita na "saa kuukuu za mbio"

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimeandika makala kuhusu saa za mkononi za zamani zilizotengenezewa mashindano ya magari, zile zenye visaa vidogo usoni na vitufe ubavuni. Mhariri amefuta "kronografu" kila mahali akaweka "kronomita", "mishale" akaifanya "mikono", na juu akaandika "Saa kuukuu za mbio". Nani amekosea?

JIBU: Marahaba. Mhariri wako amekosea mawili, na moja ni la hiari.

Kronomita ni saa yoyote iliyopimwa usahihi wake ikafaulu. Uswisi huipima kwa siku 15, na kwa wastani haitakiwi kuchelewa zaidi ya sekunde 4 kwa siku wala kuwahi zaidi ya 6. Inaweza isiwe na kitufe hata kimoja. Kronografu ni saa unayoweza kuianzisha na kuisimamisha ili ikuhesabie muda, huku yenyewe ikiendelea kukuonyesha ni saa ngapi. Saa moja yaweza kuwa vyote viwili, lakini maneno hayabadilishani nafasi.

Jina la kronografu lina kituko. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kiandika wakati. Chombo cha Mfaransa Nicolas Rieussec, kilichotumika kwenye mbio za farasi mjini Paris mwaka 1821, kiliandika kweli: kilidondosha tone la wino usoni pake. Wino umekwisha zamani, jina limebaki, kama sisi tunavyosema "kutia saa ufunguo" ilhali saa ya mkononi haina ufunguo wowote.

"Mkono wa saa" si kosa, ila jaribu kuandika "mkono wa saa ya mkono" uone msomaji atakavyohangaika. Akrabu, jina jingine la mshale wa saa, ni neno tamu, la Kiarabu, lenye maana ya nge. Kwa makala yako ningebaki na mshale, maana mshale wa dakika tumeujua tangu shule ya msingi.

Umefanya vyema kuandika "vitufe". "Vifungo" ni vya shati, na vingine ni vya jela. Lakini "visaa vidogo" ni kurudia: ki- na vi- zimekwisha kuzidogosha hizo saa, "visaa" inatosha. Na visaa vyeusi vikikaa juu ya uso mweupe, wakusanyaji huuita uso wa panda. Fafanua kwamba ni yule mnyama wa China, kwani kwetu panda ni kazi ya mkulima na ya mkwezi, tena ni kijiti cha manati.

Neno lililokupa tabu, naona, ni lile la mduara unaozunguka kioo, umelieleza kwa sentensi nzima mara nne. Andika "pete". Utalihitaji, kwa sababu mageuzi mengi ya saa hizi yalipita hapo. Mwaka 1957 Omega Speedmaster iliitoa takimita usoni ikaihamishia kwenye pete, uso ukapata nafasi. Takimita ni ile mistari ya kupimia mwendo: gari likimaliza kilomita 1 kwa sekunde 36, mshale unaangukia 100, yaani kilomita 100 kwa saa. Heuer Autavia ya 1962 ilikuwa na pete inayozunguka. Mwaka uliofuata Rolex Daytona ikachorewa takimita kwenye pete ya nje, na Heuer Carrera ikafuata njia nyingine: mistari ya visehemu vya sekunde iliwekwa kwenye pete ya ndani, chini ya kioo. Kwa hiyo "pete ya nje" na "pete ya ndani" si mapambo ya lugha. Ndizo zinazotofautisha saa mbili za mwaka mmoja.

Sasa kile kichwa cha habari. Kuukuu ni kanzu iliyochanika kwapani. Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman ilinadiwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Mwambie mnunuzi kwamba amenunua saa kuukuu! "Saa za zamani" inatosha. Nayo "saa za mbio" iache kabisa. Saa inayokwenda mbio kwa Kiswahili ni mbovu, ipelekwe kwa fundi.