Kumwangusha mwenzako na bado ukapoteza kwa pointi

Ndugu, unauliza inawezekanaje bondia amwangushe mwenzake ulingoni na bado apoteze kwa pointi. Inawezekana, maana kila raundi huhesabiwa peke yake: mshindi 10, mwenzake 9, akiangushwa kawaida 8. Katika raundi 12, ukishinda 7 kwa tofauti ndogo na kupoteza 5, moja ukiwa umeangushwa, bado unashinda 114–113. Kwa hiyo ukiwa unatazama ndondi Lugogo, Kampala, andika alama kila kengele inapolia. Majaji watatu hukaa pande tofauti za ulingo, na mgongo wa refa huweza kumfichia mmoja ngumi ya tumbo. Ila hilo halitetei pambano la mabondia wa uzito wa juu Lennox Lewis na Evander Holyfield, 1999: jaji mmoja alimpa Holyfield 115–113, pamoja na raundi ya 5 aliyotwangwa wazi! Matokeo yakawa sare.