Tununue paki ya rangi ili filamu yetu ifanane na sinema?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni wanafunzi watano hapa Bagamoyo, tumepewa kazi ya kikundi kutengeneza mwanzo wa filamu ya taharuki, usizidi dakika 2. Stori yetu kijana anarudi kwao baada ya miaka mingi, anashukia ufukweni, anapita Mji Mkongwe usiku, anakuta mlango wa nyumba ya babu yake uko wazi na kuna mtu ndani anamwita jina. Tumeshuti kwa simu na tumeediti ila tukiangalia tunaona kama video ya status tu, haina ule muonekano wa sinema. Kuna kaka anauza paki ya rangi 500 kwa elfu 30, anasema ukiweka tu inakuwa kama Hollywood. Mwingine anatushauri tukodi kamera kubwa. Tufuate lipi? Pia tunataka kuongeza shoti ya droni jua likizama baharini. Klipu tumekutumia.

JIBU: Marahaba wadogo zangu. Klipu nimeiangalia yote, nikairudia nimezima sauti, alafu nikairudia nimefumba macho nasikiliza tu, na hiyo ya kufumba macho ndo imenipa majibu mengi kuliko zote. Nitafika huko. Kwanza hiyo elfu 30 ibaki mfukoni.

Hili swali la paki ya rangi naulizwa mpaka nimechoka, na siyo na wanafunzi peke yao, hata watu wenye studio zao na kamera za mamilioni wanakuja nalo hilohilo. Watu wameamini muonekano wa sinema ni kitu kinachouzwa, kiko kwenye flashi ya mtu, ukikipachika juu ya video yako basi umeshakuwa direkta. Sasa nawaambia hiyo kitu ni nini maana muuzaji hawaambii na mara nyingi hata yeye hajui. Hizo faili, wenyewe wanaziita lati (LUT), ni jedwali la namba. Linasema rangi ikiingia na namba hii itoke na namba ile, basi, hakuna kingine mle ndani. Na jedwali lenyewe mara nyingi limetengenezwa kwa picha ya kamera fulani iliyorekodiwa kwa mtindo wa logi, ile picha iliyopauka makusudi ili sehemu za mwanga mkali na sehemu za giza zote zibaki na kitu cha kuchezea wakati wa kuediti. Simu zenu hazikurekodi hivyo. Simu ikirekodi kawaida inakuwa imeshaipika picha yenyewe, imeongeza rangi, imekaza weusi, imenoa kingo, na kwa simu nyingi imehifadhi kwa biti 8, yani kila rangi ya msingi ina ngazi 256 tu wakati biti 10 zinatoa ngazi 1024. Ukiichukua hiyo ukaipitisha kwenye jedwali lililotarajia picha iliyopauka, weusi unafunga kabisa, anga linatoka mistari mistari, na sura za watu wetu weusi zinageuka machungwa au majivu yenye ukijani. Ni kumimina tui juu ya wali ulioshaungua, tui lenyewe halina kosa lolote ila mmechelewa.

Na rangi 500 za nini jamani, filamu yenu ina sini tatu.

Kinachofanya ionekane kama status wala siyo rangi. Angalieni ile sini ya ndani ya nyumba, kuna michirizi ya giza inatembea ukutani nyuma ya kijana. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona, na simu zenu mmeziacha fremu 30 kwa sekunde na shata, yani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, inajiamulia yenyewe, kwahiyo vimegongana. Hakuna rangi duniani itakayoifuta hiyo michirizi. Wekeni fremu 25, shata 1/50 ya sekunde, kwisha kazi. Kama kamera ya simu haikubali kuchagua, kuna programu ya Blackmagic Camera, ya bure, ya iPhone ipo tangu 2023 na ya Android tangu 2024 japo siyo kila Android inaikubali. Na kipimo cha mwanga kwenye simu mkifunge kisijibadilishe kabla hamjaanza kurekodi, maana kijana akikaribia taa picha nzima inafifia alafu inarudi, mtazamaji hawezi kuwaambia kosa ni nini ila anahisi tu kwamba hii ni simu.

Sini ya ufukweni ndo imenichekesha kidogo maana nyie ni watoto wa pwani. Kijana anashuka, maji yako magotini, mnakata kwenda kwenye uso wake, mnarudi shoti pana, bahari imeshakimbia huko mbali na mashua zimelala ubavu kwenye mchanga. Ufukwe wetu umelala sana, na siku za bamvua maji yakianza kutoka yanatoka haraka, mkikaa lisaa mnabishana nani ashike simu mnarudi mnakuta ufukwe mwingine. Mvuvi yeyote pale soko la samaki angewaambia maji yanajaa saa ngapi, bure, mngeuliza tu siku moja kabla. Na hiyo shoti ya jua kuzama baharini naomba muifute kwenye daftari, bahari ya Bagamoyo iko mashariki, jua linachomoza kule, kuzama linazamia huku bara kwenye minazi. Mkitaka jua na bahari kwenye fremu moja amkeni saa 12 asubuhi. Droni nayo siyo ya kuokota kwa rafiki, inasajiliwa na kuombewa kibali kwa mamlaka ya anga, TCAA, na kwa mwanzo wa dakika 2 kuhusu mtu anayeogopa nyumba ya babu yake sioni hata inaingia wapi.

Haya, sauti. Stori yenu yote imesimama juu ya sauti moja, mtu anaitwa jina lake kutoka gizani. Wengi wetu tumekatazwa na bibi zetu kuitika hovyo ukiitwa usiku, kwahiyo mtazamaji wa hapa akisikia tu hiyo sauti nywele zimeshasimama, hamhitaji damu wala msichana wa kupiga kelele. Mmeokota kitu kizuri kweli. Alafu jina lenyewe halisikiki! Mmelifunika na muziki wa filamu ya watu, mkubwa, vinanda na mangoma kuanzia sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho, chini yake kuna upepo unapiga kwenye maiki ya simu vuu vuu vuu, na kwenye ile shoti ya mlango nasikia bodaboda inapita na mmoja wenu anacheka. Hapo ndo sinema yenu ilipopotea, na hakuna anayewauzia paki ya sauti mtaani kwasababu sauti haionekani kwenye tangazo.

Fanyeni hivi. Simu moja inapiga picha, simu ya pili iwe ndo maiki, iwe karibu na mdomo wa anayeongea nje kidogo ya fremu au imefichwa ndani ya nguo, imefunikwa sponji ile ya godoro, nayo inarekodi sauti tu. Mwanzo wa kila shoti mtu apige kofi moja mbele ya kamera, mkiediti mnalinganisha kofi la picha na kofi la sauti. Kuna simu zinabadilisha idadi ya fremu zenyewe katikati ya kurekodi, kwahiyo mkiona mdomo na sauti vinaachana taratibu kwenye klipu ndefu msishangae, badilisheni kwanza klipu ziwe na fremu 25 thabiti ndo muingize kwenye programu. Kila mlipopiga shoti mnyamaze wote nusu dakika mrekodi ukimya wa mahali pale, maana ukimya wa Mji Mkongwe usiku una wadudu, una mawimbi kwa mbali, una redio ya mtu, na huo ndo utaziba matundu yote ya kukata kata. Alafu rudini mchana mrekodi vitu peke yake, bawaba ya ule mlango wa nakshi, kandambili kwenye sakafu, komeo. Jina mrekodi na watu watatu tofauti, mzee, mwanamke, mtoto, mkae msikilize lipi linawatisha nyie wenyewe. Muziki uingie baada ya jina, siyo kabla, na uwe wenu. Mko kwenye mji ambao chuo cha sanaa kipo tangu 1981, leo kinaitwa TaSUBa, watu wanaopiga zeze na marimba mnapishana nao barabarani, nendeni mkaombe kwa heshima mrekodi dakika moja na muwaandike majina yao. Ule muziki mliochukua una mwenyewe, sheria ya hakimiliki ya 1999 inawahusu hata mkiwa wanafunzi, na COSOTA, wale wasimamizi wa hakimiliki, wapo.

Kingine, mmechanganya mwanzo wa filamu na trela. Trela inachomoa vipande vya filamu nzima kushawishi mtu aje. Mwanzo unakaa sehemu moja kwa muda mmoja na unamwachia mtazamaji swali. Nyie ndani ya dakika 2 mmeshaonyesha kijana anarudi, anaitwa, anamkuta babu, polisi wanakuja, mtu kafa, sasa nikae dakika nyingine 90 nisubiri nini? Kateni pale anapoitwa na mkono wake uko kwenye mlango. Na yale majina yenu ya herufi nyekundu zinazochuruzika damu kwenye skrini nyeusi yamekula sekunde 25, katika sekunde 120 mlizonazo hiyo ni zaidi ya moja ya tano. Majina yapite juu ya picha wakati anatembea, madogo, pembeni.

Haya yote ni mambo ya mezani, siyo ya kamera. Mmeniambia skripti mliandika, sawa, ila nikitazama kazi naona hamkukaa na hizo sekunde 120 mkazigawa. Shoti ya wastani sekunde 5 ina maana mna nafasi ya shoti 24 tu, zichoreni zote kwenye karatasi hata kwa vijiti, nani yuko wapi, anaangalia upande gani, mwanga unatoka wapi. Kijana wenu anatembea kwenda kulia mtaa mzima alafu shoti moja kabla ya mlango anatembea kwenda kushoto, nikadhani anarudi ufukweni. Mkichora hilo mnaliona hata kabla hamjatoka nyumbani. Alafu nendeni mahali penyewe saa ileile mtakayoshuti, mkiwa hamna kamera, msimame tu. Huku kwetu giza haliingii polepole, jua likizama mna dakika 20 hivi anga likiwa bado bluu na taa za nyumba zimewaka, huo ndo usiku mzuri kwa simu, baada ya hapo picha ni chembe tupu, kwahiyo shoti zote pana za mitaani mziweke humo, jioni mbili au tatu, na za ndani mshuti baadae kwa taa zenu. Na mgawane kazi kweli, direkta mmoja, siyo watano. Mmoja kazi yake iwe kupiga picha mavazi na vitu kila mkisimama, begi la kijana linaingia begani kulia linatoka kushoto.

Kamera kubwa siikatai ila siyo sasa. Ukikodi kamera yenye senza kubwa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ukaifungua lenzi yote kwasababu ni usiku, eneo linaloonekana kali linakuwa la vidole vichache, mtu akipiga hatua moja uso umeshaota ukungu, na hamna aliyezoea kuvuta fokasi, yani kumfuata mtu kwa lenzi ili abaki anaonekana vizuri. Mtarudi na picha mbovu za gharama. Hiyo hela ya kukodi pelekeni kwenye chakula cha waigizaji na nauli, na barua ya chuo mtembee nayo, maana kwenye magofu na majengo ya kale kuna wasimamizi na kuna tozo, msirukie ukuta. Kama kazi itaenda kuonyeshwa hadharani muulize mapema utaratibu wa Bodi ya Filamu.

Sasa niseme na wengine wote wanaosoma hapa, maana huyu kaka wa elfu 30 siyo peke yake. Wapo wanaouza rangi, wapo wanaouza semina ya wikiendi moja na cheti juu, unaingia hujui kuediti unatoka hujui kuediti ila una cheti, na wote tangazo lao linafanana, upande wa kushoto video iliyopauka upande wa kulia video inang'aa, ile iliyopauka ni logi ya kamera ya bei mbaya imepigwa na mtu anayejua taa, hata wewe ungeigusa kidogo ingependeza. Muombeni aiweke hiyo paki yake kwenye klipu ya simu YENU, mbele yenu, kabla hamjalipa. Hakubali. Programu ya kuediti ya DaVinci Resolve, ile ya bure, ina kila kitu cha rangi mtakachohitaji chuoni na miaka kadhaa baada ya chuo, mkishashuti upya nitumieni mlivyokata bila rangi na bila muziki, nitawaonyesha jioni moja jinsi ya kusawazisha sini tatu zifanane, na sichukui hela.

Wabaya zaidi ni wanaokuja kazi ikishaisha, wanawaambia watoto wa watu lipa ada ya usajili nikupelekee filamu kwenye matamasha na mitandao mikubwa. ZIFF, lile tamasha la filamu kule Unguja, wanapokea filamu kwa wenyewe moja kwa moja, maelekezo wanayaweka mtandaoni, unajaza mwenyewe kwa simu hiyohiyo uliyoshutia. Mtu akikwambia yeye ana mlango wake wa pembeni muulize aliwahi kupeleka filamu gani na ilionyeshwa wapi, alafu kaa kimya umsikilize anavyobadilisha mada.