Jibu: Korosho za Krismasi, presha ya bibi na mzio wa mtoto

Dada, nimekuelewa: mnakwenda Masasi, bibi hukaangia ukoo mzima korosho za chumvi, ana presha, na mwanao alivimba midomo alipozila mwaka jana.

La mtoto ndilo zito. Huo unaonekana kuwa mzio, na mara nyingine unaweza kuja kwa ukali zaidi. Muone daktari kabla ya safari. Usimjaribishe "kidogo tu" nyumbani, hata shangazi wakisema unamdekeza (watasema). Akibanwa pumzi au akitapika na kulegea, kimbilieni hospitali. Mkibangua wenyewe, asikae karibu: mafuta ya ganda huunguza ngozi na moshi wake unawasha. Chakula chake kipikwe kwa sufuria na mwiko wake.

Bibi hana ugomvi na korosho, ugomvi ni chumvi. Zake zikaangwe kavu, moto mdogo, zikianza kuwa za dhahabu epua, nyunyizia ndimu na pilipili. Kiganja kimoja, kama gramu 30, kinatosha kwa siku. Zenye ukungu tupeni. Kukaanga hakuondoi sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo.

Wajukuu chini ya miaka 5 wasipewe nzima, zinapalia.