Mama ana uvimbe wa nyuroendokrini uliofika kwenye ini: kabla ya kuuza kiwanja, ulizeni mambo matatu

Ndugu mleta uzi, pole kwa kuuguza, na umfikishie mama salamu zangu. Umeandika kwamba mama ana miaka 58, kwamba uvimbe wake ulianzia kwenye utumbo mwembamba ukafika kwenye ini, kwamba daktari mmoja amewaambia hakuna cha kufanya zaidi ya kutuliza maumivu, na kwamba wanafamilia wanataka kuuza kiwanja ili apelekwe India kwenye tiba ya lutetiamu, yaani dawa yenye mionzi inayochomwa mwilini. Mimi si daktari. Ni mwalimu kutoka Kagera, na ninaishi na ugonjwa huu tangu mwaka 2018, hivyo nitajibu kwa yale yaliyonipata na yale niliyolazimika kuyasoma nikiwa mgonjwa. Ninavyoona, kiwanja kisiuzwe bado, kwa sababu uzi wako hausemi mambo matatu ambayo bila hayo hakuna awezaye kujua kama lutetiamu itamfaa mama: Ki-67 yake (kipimo cha kasi ya seli kugawanyika) ni asilimia ngapi, kama seli za uvimbe zina vipokezi vya somatostatini, yaani sehemu za seli ambapo homoni ya jina hilo hujishika, na kama uvimbe unakua au umetulia.

Nianze na kinachowachanganya wengi, hata baadhi ya wahudumu wa afya. Seli za nyuroendokrini zimetawanyika mwilini, hasa kwenye utumbo, kongosho na mapafu, na kazi yake ni kutoa homoni. Mwaka 1907 mwanapatholojia Siegfried Oberndorfer wa Munich aliupa uvimbe wa seli hizi jina la kasinoidi, yaani kitu kinachofanana na saratani, akiamini kwamba hauna madhara makubwa. Mwaka 1929 alikiri mwenyewe kwamba unaweza kusambaa, lakini jina lilikwisha kuzoeleka. Matokeo yake ni kwamba mpaka leo utakutana na mtu anayeudharau kwa kuwa unakwenda polepole, na mwingine anayekata tamaa kwa kuwa tu umekwisha kufika kwenye ini, na wote wawili wanakosea.

Kwangu ulianza na mawimbi ya joto usoni na kifuani nikiwa na miaka 49, na kila mtu, mimi mwenyewe nikiwamo, alisema ni dalili za kukoma hedhi. Vitabu vinasema uso wa mgonjwa hugeuka mwekundu, lakini kwa ngozi yangu nyeusi hakuna aliyeona wekundu wowote. Joto lile nililisikia peke yangu. Baadaye nilianza kuharisha, nikatibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, nikatibiwa vidonda vya tumbo, na kifua kilipoanza kubana nikaambiwa nina pumu. Miaka miwili ilipita hivyo mpaka kipimo cha ultrasaundi kilipoonyesha vivimbe kwenye ini. Kinyama kilichokatwa hapo kilisomwa kuwa ni adenokasinoma, aina nyingine ya saratani, isiyojulikana chanzo, nikapangiwa tarehe ya kuanza dawa za kemo.

Daktari kijana aliyekuwa zamu ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: je, ninaharisha hata usiku, na hata nikiwa sijala? Nilipojibu ndiyo, aliomba mkojo wangu wa saa 24 ili upimwe 5-HIAA, ambayo ni mabaki ya serotonini, homoni ambayo uvimbe huu huweza kuimwaga kwa wingi, baada ya mwili kuivunja. Hapa kuna jambo linalotuhusu sana sisi wa ukanda wa ndizi. Ndizi zina serotonini, na kwa mtu anayekula matoke mchana na usiku kipimo hicho kinaweza kupanda bila ugonjwa wowote. Cha kwangu cha kwanza hakikuaminika kwa sababu hiyo, ikabidi nikae siku tatu bila ndizi, nanasi, parachichi wala nyanya, jambo ambalo kwa Mhaya ni karibu na kufunga. Kipimo cha pili kilikuwa juu vilevile. Mama akiandikiwa kipimo cha kromogranini A, protini inayotolewa na seli hizi, kwenye damu, mwambieni daktari kama anatumia omeprazoli ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa kuwa dawa hiyo nayo hupandisha majibu.

Kisha vipande vya kinyama vilivyohifadhiwa kwenye nta vilisomwa upya kwa rangi maalumu zinazotambua sinaptofisini na kromogranini, protini za seli za nyuroendokrini, na vikaonekana kuwa ni uvimbe wa nyuroendokrini wenye Ki-67 ya asilimia 2. Kipimo hicho kinaonyesha ni seli ngapi katika kila mia zinazogawanyika. Chini ya asilimia 3 uvimbe huwa daraja la kwanza, kuanzia 3 hadi 20 daraja la pili, na zaidi ya 20 daraja la tatu. Zaidi ya daraja, mwanapatholojia lazima aseme kama seli zimekomaa vizuri au la, kwa maana kasinoma ya nyuroendokrini yenye seli zisizokomaa ni ugonjwa mwingine kabisa, unaokwenda mbio na kutibiwa kwa dawa kama sisplatini na etoposaidi. Kama ripoti ya mama haina maneno haya, ombeni vile vipande vya nta na mvipeleke kwenye maabara inayofanya kazi hiyo. Gharama yake hailingani na kiwanja hata kidogo.

Karibu maendeleo yote makubwa ya tiba hii yamejengwa juu ya kipokezi kimoja. Somatostatini iligunduliwa mwaka 1973 katika maabara ya Roger Guillemin huko Marekani. Ni homoni inayozituliza nyingine, ila ikiingia kwenye damu haidumu zaidi ya dakika chache. Wanakemia wakatengeneza oktreotaidi, inayofanana nayo lakini inadumu, na ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1988 ilikuwa dawa ya kuzuia kuharisha na mawimbi ya joto tu. Utafiti wa PROMID, uliotoka mwaka 2009 na kuhusisha wagonjwa 85 wa uvimbe wa utumbo, ndio ulioonyesha kwamba inazuia pia ukuaji: kwa waliochomwa sindano ya kila mwezi, muda wa kati kabla ugonjwa haujasonga mbele ulikuwa miezi 14.3, na kwa waliopewa sindano isiyo na dawa ulikuwa miezi 6. Mwaka 2014 utafiti wa CLARINET ulifikia matokeo ya aina hiyo kwa lanreotaidi. Kwa hiyo kauli kwamba hakuna cha kufanya haiwezi kuwa sahihi kabla vipokezi havijapimwa.

Kuhusu sindano yenyewe, niruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu makaratasi ya kitaalamu hayasemi yale yanayotupata sisi. Oktreotaidi ya mwezi hukaa kwenye friji, hutolewa mapema ili ifikie joto la chumba, kisha unga huchanganywa na maji yake na kuchomwa papo hapo ndani ya msuli wa kalio. Dozi yangu ya tatu iliharibika mikononi mwa muuguzi aliyeichanganya kisha akaenda kuitikia simu; aliporudi ilikuwa imeganda kwenye sindano, na pesa ya mwezi mzima ikaishia kwenye ndoo ya taka. Tangu siku hiyo ninakwenda na maelekezo ya kwenye boksi na ninaomba, kwa adabu, tuyasome pamoja kwanza. Lanreotaidi huja ikiwa tayari ndani ya bomba lake, hivyo haina usumbufu huo. Zote mbili zinaweza kuleta mawe kwenye kifuko cha nyongo, kuyumbisha sukari na kufanya choo kiwe na mafuta, na kwa tatizo hili la mwisho vimeng'enya vya kongosho vilinisaidia sana. Ombeni pia eko ya moyo, yaani ultrasaundi ya moyo, kwa kuwa serotonini nyingi huharibu vali za upande wa kulia, na kama mama atafanyiwa upasuaji wowote, hata wa jino, daktari wa usingizi aelezwe mapema, maana homoni zikimwagika kwa ghafla shinikizo la damu linaweza kuyumba vibaya.

Nilikatwa kipande cha utumbo mwaka huohuo wa 2018, nikachomwa sindano kila wiki nne kwa miaka miwili na nusu, kisha vivimbe vya kwenye ini vikaanza kukua. Hapo ndipo lutetiamu ilipoingia, na hapo ndipo ninapotaka familia yenu isome taratibu. Tiba hiyo, ambayo hospitali ya chuo kikuu ya Rotterdam nchini Uholanzi ilikuwa miongoni mwa walioiendeleza, huchukua molekuli inayojishika kwenye kipokezi cha somatostatini na kuibebesha lutetiamu-177, ili mionzi iachiliwe pale uvimbe ulipo. Kama kipokezi hakipo, hakuna cha kujishika nacho, na pesa itakuwa imepotea. Ndiyo sababu hutangulia kipimo cha PET, yaani picha ya mwili inayofuata dutu yenye mionzi, kinachotumia galiamu-68 iliyounganishwa na molekuli ya aina hiyohiyo. Angalieni sana hapa: mashine nyingi za PET hutumia sukari yenye mionzi, na uvimbe unaokua polepole huenda usiivute sukari hiyo. Swali la kuuliza kwa simu, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Mumbai, si kama wana PET, bali kama wana galiamu ya dotateti, yaani ile iliyounganishwa na molekuli inayojishika kwenye kipokezi. Kukosekana kwa galiamu si mwisho pia, kwani kuna kipimo cha teknetiamu, dutu nyingine yenye mionzi, kinachofanywa kwa kamera ya gama, ingawa hakioni vivimbe vidogo vizuri kama kile.

Utafiti wa NETTER-1, uliochapishwa mwaka 2017, ulihusisha wagonjwa 229 ambao, kama mimi, ugonjwa wao ulikuwa umesonga mbele wakiwa kwenye oktreotaidi. Baada ya miezi 20, makadirio ya waliokuwa hawajasonga mbele yalikuwa asilimia 65.2 kwa waliopata lutetiamu na asilimia 10.8 kwa walioongezewa tu dozi ya oktreotaidi. Hata hivyo hesabu ya mwisho ya urefu wa maisha, iliyotoka mwaka 2021, ilikuwa miezi 48 dhidi ya 36.3, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuthibitisha, ingawa zaidi ya theluthi moja ya kundi la pili walikuja kupewa tiba hiyo baadaye. Wagonjwa 2 kati ya 111 waliopewa lutetiamu walipata ugonjwa wa uboho. Ni tiba nzuri, lakini haiondoi ugonjwa huu mwilini, na wakala yeyote anayewauzia neno kupona akatafute wateja wengine. Mwaka 2024 NETTER-2 ilionyesha kwamba wenye Ki-67 ya 10 hadi 55 wananufaika wakianza nayo mapema: miezi 22.8 dhidi ya 8.5 kabla ugonjwa haujasonga mbele. Kwa hiyo namba ya mama ikiwa kubwa na vipokezi vipo, kuna sababu ya kuharakisha. Ikiwa 1 au 2 na hajawahi kuchomwa sindano hata moja, kwa kawaida sindano ndiyo hutangulia.

Nilikwenda India mara nne, kila baada ya wiki nane. Kilichonitesa ni dripu ya asidi amino ya kulinda figo, iliyonitapisha kuliko mionzi yenyewe. Uwanja wa ndege wakati wa kurudi kengele ya kugundua mionzi ililia, nikawekwa pembeni mpaka nilipotoa barua ya hospitali, msisahau kuiomba.

Vipokezi visipokuwapo, bado kuna dawa za kumeza za kuzuia ukuaji: kuna everolimasi, na kuna kabozantinibu, ambayo Marekani iliiidhinisha mwezi Machi 2025 baada ya utafiti wa CABINET. Watafiti sasa wanajaribu kubebesha molekuli ileile aktiniamu-225, ambayo mionzi yake ya alfa husafiri umbali mfupi sana lakini hupiga kwa nguvu zaidi. Hiyo bado iko kwenye majaribio, msiilipie popote.

Mchangiaji wa hapo juu aliyeshauri majani ya mstafeli amemtaja Steve Jobs, mwanzilishi wa kampuni ya Apple, kama mfano wa tajiri aliyeshindwa na hospitali. Jobs alikuwa na ugonjwa wa aina hii kwenye kongosho. Uligunduliwa mwaka 2003, akajaribu vyakula na tiba mbadala kwa takriban miezi tisa, ndipo akakubali upasuaji mwaka 2004. Mfano huo haumsaidii mchangiaji.

Umeuliza mwisho kama mama ataruhusiwa kukaa na mjukuu wake wa miaka miwili baada ya lutetiamu. Hospitali itawapa idadi ya siku. Mimi niliambiwa nisilale na mtoto wala kumpakata kwa siku saba, nikae mbali na wajawazito kwa muda mrefu zaidi, na nimwage maji ya choo mara mbili kila nikitoka. Mjukuu wangu alihamia kwa shangazi yake wiki ile, akarudi amejifunza kunisalimia kwa kupunga mkono akiwa mlangoni, na mpaka leo hajaacha.