Maswali ya Wasomaji: Bekapu inayokatika kabla ya kufika

SWALI: Salaam wahariri. Nina picha na hati za kazi, jumla gigabaiti 40. Kila Ijumaa nazifunga kwenye zipu moja yenye nenosiri, kisha naituma kwenye seva ya mbali kwa scp (amri ya kunakili mafaili kwenda kompyuta nyingine). Kasi yangu ya kupakia ni megabiti 1 kwa sekunde. Intaneti hukatika kila baada ya saa chache, na nikirudia inaanza sifuri. Niliwahi kufika asilimia 60, mwisho sijawahi kuuona. Je, nihamie kifurushi cha kasi zaidi?

JIBU: Usilipie chochote bado, piga hesabu kwanza. Biti 8 ni baiti 1, hivyo megabiti 1 kwa sekunde ni kilobaiti 125 tu. Gigabaiti 40 zinataka sekunde 320,000, yaani kama saa 89 mfululizo. Hata kasi ikiongezeka mara nne, bado unahitaji saa 22 bila kukatika, na laini yako haikupi hata siku nzima. Kinachokuangusha ni namna unavyotuma.

scp ikikatika haikumbuki ilipofikia. Zipu nayo inazidisha balaa: ukirekebisha hati moja ya kurasa mbili na kuifunga upya kwa nenosiri, baiti karibu zote zinabadilika, kwa hiyo hakuna programu itakayotambua kwamba sehemu kubwa ilishafika. Na picha za JPEG zimeshabanwa tangu kwenye kamera. Zipu haizipunguzi cha maana.

Acha mafaili yakae kwenye folda yake, uyatume kwa rsync, programu inayotuma kilichobadilika tu:

`rsync -a --partial-dir=.rsync-partial --timeout=60 --bwlimit=95 Hati/ mimi@seva:akiba/Hati/`

Kwa kawaida rsync ikikatika hufuta kipande cha faili kilichokuwa njiani. `--partial-dir` hukihifadhi kando ili safari ijayo iendelee nacho. `--timeout=60` ni kwa ajili ya laini inayokufa kimyakimya: bila hiyo programu inaweza kukaa saa nzima ikisubiri jibu lisilokuja. `--bwlimit=95` huweka kikomo cha kasi, kama kilobaiti 95 kwa sekunde. Angalia pia ule mkwaju baada ya `Hati` ya kwanza. Ukiusahau, rsync itatengeneza `Hati` ndani ya `Hati` na kupakia kila kitu upya, na utailaumu intaneti bure.

Ili ijirudie yenyewe, weka amri hiyo ndani ya `until ...; do sleep 120; done`. Hapo utahitaji ufunguo wa ssh (faili linalokutambulisha kwa seva bila nenosiri), maana usiku hakuna wa kuandika nenosiri. Ila usiiache izunguke bila kuikagua. Msimbo wa kutoka, yaani namba ambayo programu huacha ikimaliza, ukiwa 30 ni muda kuisha, na 12 ni hitilafu kwenye mkondo wa data. Hizo mara nyingi ni laini, subiri tu. 23 maana yake kuna mafaili yaliyokataa kuhama, mara nyingi kwa sababu ya ruhusa, na kurudia mara elfu hakutasaidia.

Kwa kikomo hicho, ukituma kwa muda wa saa saba kila usiku, awamu ya kwanza itachukua kama siku 17. Zinazofuata zitabeba mabadiliko tu.

Jambo moja: rsync huacha mafaili kwenye seva bila kuyasimba, yaani bila kuyafunga kwa siri. Kwa kuwa ulikuwa unaweka nenosiri, pengine restic, programu ya bekapu, ndiyo inayokufaa zaidi. Hukata data vipande vya wastani wa mebibaiti 1, huvisimba kabla havijatoka kwenye kompyuta, na vilivyokwisha kuingia kwenye faharasa haivitumi tena. Kasi unaiwekea kikomo kwa `--limit-upload 95`. Ikikatika ghafla yaweza kuacha kufuli, yaani alama kwamba bekapu bado inaendelea. Hakikisha hakuna bekapu nyingine inayoendelea, kisha endesha `restic unlock`. Usishtuke ukikosa picha ya hali (snapshot, rekodi ya bekapu iliyokamilika) kwenye orodha: haiandikwi mpaka kazi iishe.

SWALI: Bekapu ikianza, hata kufungua barua pepe inakuwa shughuli. Si inapakia tu, mbona kupakua nako kunakwama?

JIBU: Kila unachopakua kinahitaji vijibu vidogo vya "nimepokea" virudi juu. Bekapu ikijaza njia ya juu, vijibu hivyo vinapanga foleni ndani ya ruta nyuma ya picha zako. Pima kasi ya kupakia mara tatu kwa nyakati tofauti, chukua iliyo ndogo kabisa, kisha iwekee bekapu kikomo cha robo tatu hivi. Kumbuka kampuni za intaneti huhesabu kwa biti, programu hizi kwa baiti. Kwenye rclone, programu nyingine ya kutuma mafaili, unaweza kupanga kikomo kwa saa: `--bwlimit "07:00,40k 23:00,95k"`. Lakini rclone haiendelezi faili lililokatikia katikati, hulianza upya, kwa hiyo video kubwa zitakutesa.

SWALI: Cron yangu (ratiba ya kuendesha amri zenyewe) huanzisha bekapu ya leo kabla ya jana haijaisha, zote mbili zinakwama.

JIBU: Tanguliza `flock -n /tmp/bekapu.lock` mbele ya amri. Ya pili ikikuta ya kwanza inaendelea, itaondoka bila kugusa kitu. Kama ni laptopu, zima usingizi wa mashine usiku, maana ikilala na bekapu inalala.