Jibu: Vikwazo humuuma mtawala au raia tu?

Ndugu, umeuliza kama vikwazo vya uchumi hubadilisha serikali au huumiza raia tu. Usiende mbali hadi Urusi au Iran. Tazama Burundi, maana Kenya yetu ilikuwa miongoni mwa waliofunga njia. Pierre Buyoya alipopindua serikali Julai 1996, majirani walikutana Arusha wakakubaliana kuikatia biashara. Kwa nchi isiyo na bahari, hilo si jambo dogo. Mafuta yakaadimika, bei zikapanda, magendo yakanoga. Mwenye lori na mjuano na wakubwa ndiye aliyeneemeka. (Sisi wa Kisumu, tunaoona malori ya mafuta yakipakia kuelekea Busia kila siku, hatuhitaji kufundishwa njia za panya.)

Buyoya hakung'oka. Lakini masharti yalikuwa machache: rudisha bunge, ruhusu vyama, zungumza na wapinzani. Bunge na vyama alivirudisha Septemba hiyohiyo, mazungumzo yakafuata, vikwazo vikasimamishwa Januari 1999, na mkataba wa amani ukatiwa saini Arusha Agosti 2000. Mimi naona vikwazo hufaa pale tu anayebanwa anajua afanye nini ili aachiliwe. Ukimwambia "ondoka" tu, atakaa. Vikwazo vya Zimbabwe tuviache, huko kila mtu ana wimbo wake.