Maswali na majibu: kisu cha kazi kisichomaliza mshahara

Maswali ya safari hii yanahusu visu vya ala, vile visivyokunjwa, vya kuvaa kiunoni porini, shambani au baharini. Haya ndiyo niliyoyachagua.

Naanza kazi ya kuongoza watalii Kilimanjaro. Nimeona kisu cha komando chenye msumeno mgongoni na dira kwenye mpini, bei ya kutupwa. Nichukue? (Moshi)

Usichukue, kaka. Hiyo dira imekaa mahali pa msuka. Msuka ni kile kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mpini, na ndicho kinachobeba nguvu yote ya mkono wako. Mpini ukiwa mtupu, bapa zima linategemea nati moja pale shingoni, na siku utakapokibana kwenye ubao ukakisukuma pembeni, hapo ndipo patakapoachia. Msumeno nao ni pambo. Meno yake hayajapindwa huku na huku kama ya msumeno wa seremala, kwa hiyo ukivuta mara mbili tatu unanasa.

Tena mlimani kwenu moto wa kuni hauruhusiwi, kwa hiyo hakuna gogo linalokusubiri. Utakata kamba, utafungua mifuko ya vyakula, utamenya viazi. Bapa la sentimita 9 hadi 11 linatosha kabisa. Mora Companion ya Sweden ni mfano mzuri: bapa sentimita 10 na kidogo, unene milimita 2.5, na huko Ulaya kwa kawaida haifiki dola 25. Msuka wake haufiki mwisho wa mpini, lakini kwa kazi nilizozitaja utachoka wewe kabla yake.

Mbona basi wanajeshi wanabeba visu virefu? Nafikiria kuagiza Ka-Bar kwa ajili ya shamba. (Nakuru)

Ka-Bar ni kisu cha kweli. Jeshi la wanamaji wa Marekani, Marine Corps, lilikipokea mwaka 1942: bapa la inchi 7, yaani kama sentimita 18, na mpini wa pete za ngozi zilizobanwa pamoja. Kingetumika vitani, sawa, lakini kazi zake za kila siku zilikuwa kufungua makasha na makopo, kuchimba na kukata waya. Angalia pia kisu ambacho kampuni ya Glock iliwatengenezea wanajeshi wa Austria. Bapa lake ni sentimita 16.5, na sehemu ya juu ya kikingio cha vidole imepindwa ili ifungue chupa. Waliokitengeneza walijua askari anashinda akifanya nini.

Ila askari huyo hana panga. Wewe unalo, na hapo ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni unapotupoteza. Mmarekani anayepiga kambi hutaka kisu kimoja kinene cha kupasulia kuni, kukatia matawi na kuchongea vijiti, maana hana kingine. Kwetu kuni na matawi ni kazi ya panga, na panga la dukani litamshinda Ka-Bar kwa kazi hiyo kila siku. Kinachobaki ni kazi ndogo ndogo: kuchuna mbuzi, kukata mpira wa maji, kuchonga kigingi. Kisu cha sentimita 18 kwa kazi hizo kinasumbua tu. Nunua kidogo, chenji inayobaki nunua tupa nzuri ya panga.

Kimoja kimeandikwa "440 stainless", kingine 1095, na mhunzi wa hapa anataka kunifulia cha springi ya lori. Kipi bora? (Mbeya)

Swali zuri kuliko yote. Namba hizo ni majina ya aina za chuma. "440" peke yake haikuambii kitu, maana kuna 440A, 440B na 440C. A ina kaboni kama asilimia 0.6 hadi 0.75, C inafika 0.95 na kuendelea, na kaboni ndiyo inayokipa chuma uwezo wa kuwa kigumu na kushika makali. Muuzaji asipoandika herufi, jihesabie kwamba si C. 1095 ina kaboni kama asilimia 0.95, inanoleka vizuri, lakini inashika kutu upesi.

Springi ya lori ni chuma kizuri sana, chenye ustahimilivu. Tatizo haliwi chuma, linakuwa matiko, yaani ule ugumu chuma kinaoupata kwa kupashwa moto na kuzamishwa. Mhunzi akikifua vizuri kisha akakosea kukizamisha kwenye mafuta kikiwa kimewiva, au akasahau kukipasha tena kwa moto mdogo, utapata kisu kinachopinda kama kijiko au kinachovunjika kama sahani. Kabla hujalipa, omba tupa. Isugue taratibu kwenye ukingo wa makali, karibu na mpini ambapo alama haitakuudhi. Ikizama na kutoa unga wa chuma kirahisi, kisu ni laini. Ikiteleza kama juu ya kioo, ni kigumu mno, kitameguka. Unataka tupa iume kwa shida. Mhunzi anayejiamini hatakukatalia, na kama kisu kimefaulu, mimi ningechukua hicho cha springi.

Mimi ni mvuvi, visu vyangu vyote vinaliwa na kutu. (Kilwa)

Chukua chuma kisichoshika kutu, mpini wa plastiki au mpira, na ala ya plastiki yenye tundu chini la kutolea maji. Ala ya ngozi inapendeza, lakini baharini inafyonza maji ya chumvi na kukikumbatia kisu nayo usiku kucha. Hata hicho kisichoshika kutu kisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, ukikaushe, kisha upake mafuta ya nazi kidogo. Kabla ya kununua ala yoyote igeuze chini juu uitikise. Kisu kikidondoka, rudisha.

Fundi wa sokoni alikinoa kwa mashine, sasa kila baada ya siku mbili ni butu. (Mwanza)

Dada, kitazame kwenye jua. Ukiona mstari wa buluu au zambarau kandokando ya makali, jiwe la mashine limekiunguza na matiko yametoka hapo. Kinoe kwa mkono mpaka sehemu hiyo iishe. Si lazima kinoo cha bei: gundisha msasa namba 400 kwenye ubao ulionyooka, kisha 1000, umalizie kwenye mkanda mkuukuu wa ngozi. Paka makali wino wa maka pen kwanza. Wino unapofutika ndipo unapogusa. Ukifutika juu tu na ncha ya makali ikabaki nyeusi, inua mgongo wa kisu kidogo.

Nataka cha kujilinda usiku nikitoka kazini. (Nairobi)

Sitakuchagulia. Kisu kikitoka kiunoni ugomvi wa simu unageuka kesi ya mauaji, na huenda wewe ndiye uliyelala chini. Nunua tochi kali na filimbi, utembee na wenzako.

Mjomba amenitumia sime ndogo kama zawadi. Naruhusiwa kutembea nayo? (Leicester)

Nyumbani iweke. Barabarani, hapana. England na Wales sheria ya 1988 inakataza kuwa na kisu hadharani bila sababu ya msingi, na kinachosamehewa ni kile cha kukunja kisichojifunga, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Cha ala hakina msamaha hata kiwe kifupi vipi, na "kujilinda" si sababu. Kambi au uvuvi ni sababu siku unayokwenda huko: kifunge ndani ya begi, na ukirudi kitoe kwenye gari usiku huohuo.